Mahindi ya njano: ni njaa ya naitrojeni au ni maji?

Vuli inapokatika na masika hayajafika, mahindi mengi ukanda huu wa Ziwa Victoria huanza kuwa ya njano, na watu hukimbilia dukani kununua yurea, mbolea ya kuongeza naitrojeni. Mara nyingi hela hiyo hupotea bure. Mmea hufyonza naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji. Udongo ukikauka, mbolea ipo ila haiifikii mizizi. Kule mbugani nako, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, maji yakituama mizizi hukosa hewa, na vijidudu vya udongoni hugeuza naitrojeni kuwa gesi ikapotelea angani. Kote kuwili jani ni la njano, ila tiba ni tofauti.

Njia ya uhakika ni kuwa na ukanda wa shibe: kipande kidogo ndani ya shamba lako kilichopewa naitrojeni ya kutosha kupita kiasi, ukilinganisha mahindi mengine nacho. Mashamba mengi ya Misungwi, Kwimba na Magu huanzia kwenye luseni (udongo wa kichanga) juu na kuishia mbugani chini. Ukanda mmoja hautoshi. Weka mmoja luseni na mwingine mbuga, na kama unamwagilia kwa pampu, uwepo mmoja ndani ya eneo la umwagiliaji na mwingine nje yake. Kosa kubwa ni kulinganisha mahindi ya luseni kavu na ukanda uliopo kwenye unyevu: hapo utapima tofauti ya maji ukidhani ni ya mbolea.

Chukua mistari minne yenye urefu wa mita 10. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, hiyo ni mita za mraba 30. Kama shamba zima linapata mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 kwa ekari, kipande hicho kwa kawaida kingepata gramu 370 hivi. Wewe kipe 740. Nusu weka mahindi yakiwa na majani manne hadi matano, nusu nyingine wiki mbili baadaye. Fukia sentimita 5 chini, sentimita 10 kutoka shinani. Chomeka vigingi kwenye pembe zote nne, maana baada ya mwezi hutakumbuka ukanda ulianzia wapi. Vipimo vichukue kwenye mistari miwili ya katikati tu.

Siku ya kupima, anza na maji. Pita shambani saa 2 asubuhi. Majani yakiwa yamejikunja saa hiyo, acha kupima. Kiu imezidi, na kipimo chochote kitakudanganya. Yakijikunja saa 7 mchana na kufunguka jioni, kiu ni ya wastani. Subiri mvua au mwagilia, kisha pima baada ya siku tatu au nne. Mbugani chimbua mche mmoja: mizizi myeupe na migumu ni mizima, ila ikiwa ya kahawia na inanuka, bado inakosa hewa. Ngoja maji yatoke na jani jipya lichomoze.

Sasa angalia majani ya chini. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye jani la zamani, kwenye ncha kabisa, kisha umanjano huteremka ukifuata mshipa wa kati kwa umbo la V, kingo zikibaki kijani kwa muda. Kingo zikiungua kwanza na katikati ikabaki kijani, hiyo ni potasiamu. Michirizi kwenye majani machanga ya juu ni salfa au zinki, na yurea haitaiondoa. Kiu nayo huunguza majani ya chini, na hapa ndipo ukanda wa shibe unapojilipa: kama nao umeungua vilevile, lawama ni ya maji.

Kama kikundi chenu kina kipima klorofili (kifaa kinachobana jani na kusoma ukijani wake), chagua mimea 30 ndani ya ukanda na 30 pembeni yake, kwenye udongo uleule. Kabla ya mbelewele, pima jani la juu kabisa lililokwisha kufunguka lote. Baada ya ndevu kutoka, pima jani linaloshika gunzi. Bana katikati ya urefu wa jani, kati ya ukingo na mshipa wa kati, bila kugusa mshipa. Umande ukauke kwanza. Ruka mimea iliyoliwa na viwavijeshi na ile iliyosongamana.

Gawanya wastani wa shamba kwa wastani wa ukanda, zidisha kwa 100. Shamba likisoma 41.5 na ukanda 46, unapata 90. Chini ya 95 mahindi yana njaa. 95 na kuendelea, usiongeze. Usiazime namba za jirani, kwani kila mbegu ina ukijani wake. Usipokuwa na kipima, kata jani moja ndani ya ukanda na moja nje yake, yalaze pamoja ulinganishe ukijani kwenye kivuli cha mwili wako, urudie kwa mimea kumi. Jua kali hufanya kila jani lionekane limepauka.

Luseni iliyopigwa na mvua kubwa hupoteza naitrojeni kwa kuoshwa chini ya mizizi. Ikisoma 90 au zaidi bila kufika 95, nusu mfuko kwa ekari inatosha. Chini ya 90, weka mfuko mzima kwa mikupuo miwili. Mbugani usiweke kitu maji yakiwa yamesimama. Udongo ukiwa mkavu, subiri mvua: yurea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevunyevu tu hupaa kama gesi ya amonia, hivyo ifukie. Ndevu zikishakauka, kuongeza mbolea hakuna faida ya maana.

Ukitaka uthibitisho wa maabara, kata majani 15 hadi 20 yanayoshika gunzi wakati ndevu zinatoka, yaweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, yasiote ukungu. Naitrojeni ya asilimia 2.7 hadi 3.5 ni nzuri. Chukua sampuli ya ukanda pia, kwa sababu mahindi yaliyodumaa kwa kiu huweza kuonyesha asilimia nzuri kwa kuwa tu hayakukua.

Mahindi yaliyokauka kwa ukame hulimbikiza naitrati (umbo la naitrojeni linalofyonzwa na mizizi) sehemu ya chini ya shina. Ukiyakata kuwalisha ng'ombe, acha sentimita 30 za chini shambani, kwa maana naitrati nyingi huua mifugo. Na kwa walio pwani ya ziwa, sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka majini. Mbolea inayooshwa hapo hulisha magugu maji.