Kuvaa na kuvua vifaa kinga katika makao ya wazee

Wahudumu wengi hukosea glavu zikiwa tayari mikononi. Mzee ameshabadilishwa nepi, kisha kwa glavu zilezile mhudumu anavuta shuka, anashika reli ya kitanda, anafungua droo. Kila alipogusa pamebaki uchafu usioonekana, na mwenzake atakayepita hapo mikono mitupu ataubeba hadi chumba cha pili.

Basi glavu ni za kazi moja kwa mzee mmoja. Usizipake kitakasa mikono ili uendelee nazo, maana hudhoofika na kutoboka. Anza na kazi safi: kinywa, kisha kidonda, nepi iwe ya mwisho. Kila unapohamia kazi nyingine, vua, safisha mikono, vaa jozi mpya, hata kama mzee ni yuleyule. Kumlisha mzee asiye na maambukizi hakuhitaji glavu. Mikono safi yatosha.

Mzee anapoharisha au ana kidonda kinachotoa majimaji, vaa gauni na glavu. Anapokohoa au kutapika, ongeza barakoa na miwani ya kinga. Utaratibu wa kuvaa: safisha mikono, gauni lifungwe shingoni na kiunoni, barakoa ibanwe puani na ifunike kidevu, miwani, kisha glavu zilizovutwa juu ya mikono ya gauni.

Kuvua ndiko kwenye hatari, kwa sababu umechoka na una haraka. Bana glavu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, ivute ikigeuka ndani nje, ikunje ndani ya kiganja chenye glavu. Kidole kitupu kipenye chini ya ukingo wa glavu ya pili, kwenye ngozi, ukiisukuma mpaka iifunike ya kwanza. Safisha mikono. Ondoa miwani kwa kushika vishikio vya nyuma, fungua gauni, likunje upande mchafu ukiwa ndani. Vyote hivyo viishie kwenye pipa lililo karibu na mlango, ndani ya chumba. Barakoa huvuliwa mwisho, kwa kamba tu. Ukiishika mbele umejipaka ulichokikwepa. Safisha mikono tena.

Kitakasa chenye pombe kijaze kiganja, usugue sekunde 20 hadi 30, vidole gumba na ncha za kucha zikiwemo. Lakini palipo na kuhara, tumia sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60: pombe haiui mbegu za bakteria Clostridioides difficile, na kwa norovirusi, virusi vya kuhara na kutapika, haitegemeki.

Matapishi au kinyesi kikimwagika, futa kwanza ndipo umwage klorini, kwani uchafu huimaliza nguvu. Dawa ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, hutoa asilimia 0.5, iache dakika 10. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na asidi wala amonia.

Mzee mwenye tatizo la kusahau huogopa barakoa, akasukuma na kukuchania glavu. Simama umbali wa mita 2, mwonyeshe uso wako, mwambie jina lako na unachokuja kufanya, ndipo uvae mbele yake taratibu.