Kuendesha jiko kwa kipimo: desturi za wazee wa Tanga walioiona miaka ya foleni

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini wazee wa Ngamiani, mjini Tanga, watakuambia kwamba mikanda hiyo ilikaa imefungwa miaka mingi zaidi. Sukari, sabuni na kanga zilinunuliwa kwa foleni, unga wa njano ulioitwa yanga ukaliwa hata na waliousimanga, na majani ya mpapai yakafulia nguo. Haya ninayoyaeleza niliyachukua kwao, na bado nayafuata ingawa siku hizi duka lipo kila kona.

Anza na kopo moja la kupimia, ambalo halibadilishwi na mpishi yeyote. Pima mchele wa mlo, kisha kabla hujauosha, chota konzi moja uirudishe katika chombo cha akiba chenye kifuniko. Ukipika mara mbili kwa siku, wiki mbili zitakupa konzi 28, na hakuna mlaji atakayekuwa amelalamika. Akiba huwekwa kabla ya moto, kwa sababu chakula kikishapikwa kinachobaki ni kiporo tu. Kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na fukusi hawachelewi, pika kwanza mchele uliotangulia kuingia chomboni.

Nazi ndiyo iliyowafunza wazee hawa zaidi kuliko kitu kingine. Ukishaikuna, tia maji ya vuguvugu kidogo, kamua, na uliweke kando tui la kwanza, ambalo ni zito. Tia maji tena upate tui la pili, na hilo ndilo la kuivishia kunde, mchicha au samaki. Tui zito hutiwa mwishoni, chakula kikiwa karibu kuiva, ukikoroga polepole lisikatike. Wengi hutia yote kwa pamoja tangu mwanzo, kisha hulazimika kununua nazi ya pili ili mchuzi upate ladha. Machicha wape kuku. Kifuu kikipasuka vizuri hutengenezwa upawa, na kisichofaa huwaka vizuri kuliko kuni nyingi. Makumbi nayo ni ya kuwashia moto, au huozwa majini yatoe usumba wa kusokota kamba.

Mkaa usiuache ufe wenyewe jikoni. Chakula kikiiva, yafukie makaa kwa majivu ili kesho uyawashe tena, na jiko ulitoe nje kabla ya kulala.

Muhogo na samaki waliozidi hukaushwa wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Menya muhogo, upasue, uanike juu ya uchanja badala ya chini, na uuingize ndani kila jioni, mpaka makopa yavunjike kwa mlio. Hapa sikubaliani na baadhi ya wazee, waliokuwa wakikwangua ukungu na kuendelea kutwanga: kopa lenye ukungu litupwe, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukwangua wala kwa kupika.

Jambo la mwisho ni kiasi cha kuweka. Mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu walijifunza kwa hofu tofauti ya akiba na kuficha. Kipimo changu ni kile ambacho nyumba yangu itakimaliza kwa mwezi mmoja kabla hakijaharibika. Kikizidi hapo, nimemnyima mwenzangu aliyeko dukani. Jirani akija kuazima mchele, mpimie kwa kopo lile lile la nyumbani, na ukiazima wewe, rudisha kwa kopo la aliyekupa, likiwa limejaa mpaka juu.