Paka wamejaa mtaani? Msiwawekee sumu, wafungeni kizazi

Kama mtaani kwenu kuna bucha, mama anayekaanga samaki na jalala ambalo gari la taka linapita siku likitaka, basi paka mnao wa kutosha na kila baada ya miezi michache wanaongezeka, na najua kinachofuata, mtu mmoja atasema jamani tuchange tununue sumu. Nawaomba sana msifanye hivyo. Sumu italiwa na kuku wa jirani, mtoto ataiokota, halafu hata mkiwamaliza wote chakula si bado kipo palepale? Paka wa mtaa wa pili watahamia, na kabla hawajafika panya wameshajitanua. Na pia kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa kisheria hata kama hana mwenyewe.

Kinachosaidia ni kuwakamata, daktari awafunge kizazi na kuwachanja, halafu mnawarudisha walipotoka. Wakirudi wanalinda eneo lao kama kawaida ila hawazai tena, na zile kelele za usiku za madume kugombea majike zinapungua sana.

Elewa kwanza kasi yao. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, mimba inachukua kama siku 63 mpaka 65, mara nyingi anazaa watoto 3 hadi 5 na anaweza kubeba mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Ulaya wanapumzika kuzaa kipindi cha baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi sana, sasa sisi Dar urefu wa mchana haubadiliki kihivyo, kwa hiyo ni kuzaa tu mwaka mzima. Ndio maana ukifunga kizazi paka wawili watatu kwenye kundi la kumi na tano unakuwa umetupa hela. Lenga angalau 7 kati ya kila 10, kwa muda mfupi, na majike ndio waanze.

Anza na watu kabla ya paka. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mifugo wa kata, waambie mnachotaka kufanya ili mtu akiona paka kwenye kizimba usiku asije akapiga kelele za mwizi. Halafu mtafute anayewalisha, maana kila mtaa yupo, ni mama ntilie au muuza samaki au bibi fulani hivi, na huyo kwangu ni muhimu kuliko hata mwenyekiti, anajua nani ana mimba, nani kazaa juu ya dari ya nani, nani kaja juzi. Mkosee adabu huyo na kazi imekufa. Mwenye paka wa nyumbani aombwe amfungie ndani siku hizo au amvalishe kitambaa shingoni.

Kuhusu daktari, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa sababu kwa jike hii ni oparesheni ya kufungua tumbo, inataka nusukaputi na vifaa safi, sio mtu wa kuja na wembe. Peleka paka wengi kwa pamoja uombe bei ya jumla. Mwambie kabisa akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, wakati paka bado amelala, hiyo ni alama inayotumika nchi nyingi kwamba huyu tayari, na inaonekana kwa mbali bila kumshika.

Kizimba fundi wa kuchomea magrili anakutengenezea, kirefu kama sentimita 80 au 90, na kibao ndani akikanyaga mlango unajifunga. Walisheni sehemu moja saa ileile kama wiki nzima, siku ya kukamata msiwape kitu (hapa ndio utajua kama yule mama yuko upande wako), jioni weka kibua au dagaa mwishoni kabisa mwa kizimba. Akinasa tu funika na kanga, anatulia. USIKIACHE juani, joto letu hili linaua paka haraka sana. Na usimshike kwa mikono hata kama anaonekana mpole.

Jike mwenye chuchu zilizovimba ana watoto mahali, mwambie daktari amfanye wa kwanza arudi haraka. Watoto wakifika miezi 2 na kilo 1 nao wanafanyika. Baada ya oparesheni dume kaa naye siku moja, jike siku mbili au tatu, sehemu kavu yenye kivuli. Dume anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msishangae.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isirukwe hata kidogo, jina linasema mbwa ila paka naye anaugua na anaambukiza watu, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mtu anakufa. Ulizia mapema kama kwenu kutakuwa na chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Aliyeng'atwa au kuparuliwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito asizoe kinyesi cha paka, kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni, na mchanga wa ujenzi funikeni turubai maana ndio choo chao na watoto wanachezea humo peku, wanapata minyoo ya kwenye ngozi.

Baada ya hapo yule mama mlishaji awe na namba yako. Akiona paka mwenye sikio zima anakupigia simu, mnamkamata wiki hiyohiyo kabla hajazaa, na mwenye bucha naye aanze kufunga mabaki kwenye ndoo yenye mfuniko.