Kupiga hema Marsabit, Chalbi na Loiyangalani: somo kwa wanaotoka Mombasa

Somo hili ni la wanachama waliokwisha kuzoea kupiga kambi ufukweni, Tiwi au Watamu, na ambao sasa wanatamani kulala hemani katika nchi ya kaskazini: msitu wa Mlima Marsabit, jangwa la Chalbi na ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Ugumu wa safari hiyo ni kwamba hema lile lile litalala siku moja katika ukungu na baridi, na siku ya pili katika joto na upepo usiokoma. Wasafiri wengi huchagua pahali pa kulala kwa uzuri wa mandhari. Mimi ninashikilia kwamba kule pahali huchaguliwa kwa upepo, kwa maji na kwa idhini ya wenyeji, na kwamba mandhari hayamkosi mtu popote atakapolala.

Hatua ya kwanza: majira na njia

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na udongo wake wa mfinyanzi wenye chumvi hukauka juu ukabaki tope chini, kwa hiyo gari linaloonekana kupita penye ardhi ngumu linaweza kuzama hadi ekseli. Miezi ya Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, ndiyo salama zaidi.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na wengi wenu mtapanda treni. Kumbukeni kwamba mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, na visu pamoja na mitungi ya gesi havipiti. Nunueni vitu hivyo mkishafika Isiolo. Kutoka Isiolo barabara ya lami inapita Archers Post na Laisamis hadi mji wa Marsabit, takriban kilomita 260. Lami ya barabara kuu inaendelea hadi Moyale, lakini sisi tunaiacha: kutoka Marsabit tunashika njia ya Maikona, Kalacha na North Horr, kisha tunashuka Loiyangalani. Kurudi ni kwa South Horr hadi Laisamis, katika barabara ya changarawe iliyotengenezwa upya ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Ninapendelea mzunguko huu uanzie Marsabit kwa sababu mwili wa mtu wa pwani hupata siku mbili za kuzoea kabla ya kuingia jangwani.

Hali ya usalama hubadilika kwa sababu ya wizi wa mifugo na magomvi ya malisho. Ulizeni polisi Isiolo, muulize tena Laisamis na Marsabit, na mkiambiwa njia fulani haifai wiki hiyo, msibishane.

Hatua ya pili: kuchagua aina ya pahali

Kuna aina tatu, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni kambi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ndani ya Hifadhi ya Marsabit. Kambi ya umma iko karibu na lango la Ahmed, lililopewa jina la yule ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi maalumu mwaka 1970, na aliyekufa 1974. Ukiwa karibu na lango, askari wako karibu na mji hauko mbali. Kambi maalumu, kama ile ya Ziwa Paradise, lililomo ndani ya kasoko ya volkano iliyozimika, hukodishwa na kundi moja tu kwa wakati mmoja. Lazima iwekwe mapema, na mtu asitarajie huduma yoyote isipokuwa uwanja wa kupiga hema. Ndovu na nyati hushuka kunywa maji ziwani, kwa hiyo baada ya magharibi hakuna kutembea. Malipo ni kwa njia ya mtandao wa serikali wala si fedha taslimu langoni, basi lipeni mkiwa bado mjini, penye mtandao wa kuaminika.

Ya pili ni viwanja vya kambi vyenye ua, vinavyomilikiwa na watu binafsi, misheni au vikundi vya wenyeji, katika vijiji vya Kalacha, Loiyangalani na South Horr. Loiyangalani ina chemchemi na mikoche, na ukipiga hema kivulini mwake, nyuma ya ua wa makuti au ukuta, utakuwa umepunguza nusu ya matatizo yako. South Horr, iliyo bondeni chini ya Mlima Nyiru, ina miti mikubwa na hewa tulivu kuliko pote nilikotaja. Aina hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayekwenda mara ya kwanza, hata kama wenzake watamcheka kwamba amekwenda jangwani akalala uani kwa watu.

Ya tatu ni kulala nyikani, kama vile pembezoni mwa Chalbi, au juu ya Mlima Kulal wenye mita zaidi ya 2,200, ambako msitu hupata maji yake kutokana na ukungu. Hapa msiende bila mwenyeji wa kuwaongoza. Ardhi inayoonekana tupu ina wenyewe: Wagabra katika Chalbi, Warendile kusini yake, Wasamburu kuelekea South Horr na Kulal, Waturkana na Waelmolo ziwani. Anzeni kwa chifu au wazee wa kijiji cha karibu, mweleze mnatoka wapi, mtalala siku ngapi na gari lenu ni lipi. Msipige hema karibu na kisima, kwa kuwa ngamia na mbuzi huja kunywa kwa zamu, na mifugo ikiogopa mahema yenu ikarudi bila kunywa mtakuwa mmewatia watu hasara. Wala msilale ndani ya laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hata iwe kavu namna gani na mchanga wake uwe laini namna gani, maana mvua iliyonyesha milimani, msikoiona, hushuka usiku kwa ghafla.

Hatua ya tatu: hema lenyewe

Chukueni hema la umbo la kuba, la chini, linalosimama kwa fito zake bila kutegemea vigingi. Nyumba za Wagabra, ambazo wanawake huzisimamisha kwa fito na mikeka na kuzihamisha kwa ngamia, ni za umbo hilo hilo la mviringo, na watu hao wameishi na upepo ule kwa vizazi vingi. Hema refu la familia, lenye vyumba na kuta zilizosimama wima, linafaa Marsabit tu. Hema la juu ya gari ni zuri kwa sababu ya nge na nyoka, lakini Loiyangalani hutikisika usiku kucha; mwenye nalo alale chini usiku huo.

Kifuniko cha nje kinahitajika Marsabit kwa ajili ya umande na manyunyu. Jangwani hutakihitaji kwa mvua katika miezi niliyotaja, ila kinazuia vumbi, basi kifungwe.

Hatua ya nne: kusimamisha hema penye upepo

Hapa ndipo penye kazi, nami naomba msome polepole. Upepo wa upande ule hutoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima. Hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, na kwa kubanwa huko huongezeka kasi. Tena huvuma zaidi usiku hadi asubuhi, wakati ambapo msafiri wa pwani anatarajia hewa itulie. Mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilijengwa kusini mwa Loiyangalani kwa sababu hiyo hiyo. Mjini Loiyangalani kwenyewe, upepo huporomoka kutoka Kulal baada ya jua kuzama, kwa hiyo utulivu wa alasiri usiwadanganye.

Fikeni kabla ya saa kumi alasiri. Ondoeni mawe na miiba, mtandike turubai la chini, kisha mlaze hema likiwa bado bapa, upande wake mfupi na wa chini ukielekea kusini-mashariki na mlango upande wa pili. Fungeni kwanza kamba za upande wa upepo, kabla hamjainua ufito hata mmoja. Mtu mmoja akae juu ya hema, mwingine apitishe fito, na hema liinuliwe kutoka upande wa upepo kwenda upande wa mlango.

Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki katika mchanga. Jazeni mchanga katika mfuko wa kitambaa, mfunge kamba katikati yake, mchimbe shimo lenye kina cha kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, mfukie mfuko huo na kukanyaga juu yake. Kamba itoke ardhini ikiwa imelala, isisimame wima. Kuelekea Loiyangalani ardhi imejaa mawe meusi ya volkano, na kigingi hakiingii kabisa: fungeni kamba kwenye kijiti kigumu, mkilaze chini, na mkipangie mawe makubwa juu. Msizungushe kamba moja kwa moja kwenye jiwe la volkano, kwa sababu kingo zake hukata kama msumeno.

Kabla ya kulala, kazeni kamba zote upya. Ikiwa fito zinapinda mpaka kitambaa kinawagusa usoni, zitoeni, mlaze hema juu ya mizigo, na mlale garini.

Marsabit kazi ni nyepesi: msipige hema chini ya matawi makavu, mwache matundu ya hewa wazi ili unyevu wa pumzi usidondoke, na mchukue blanketi nzito au mfuko wa kulalia, kwani baridi ya alfajiri mlimani si ya mtu mwenye shuka moja.

Hatua ya tano: maji, chakula na moto

Pangeni lita 10 kwa kila mtu kwa siku, nusu yake ikiwa ya kunywa, na muwe na akiba ya siku mbili katika madumu magumu. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, hayafai kunywa, na mamba wamo. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo mtu asije langoni na katoni za maji.

Pikeni kwa gesi, jiko likiwa nyuma ya kinga ya upepo na nje ya hema. Miti ya jangwani ni kivuli cha watu na mifugo, msikate. Chakula kilale ndani ya gari, maana Marsabit kuna nyani na nyikani kuna fisi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisauni: Shikamoo mwalimu. Hema langu ni la bei nafuu, fito zake ni za faiba. Je, litahimili?

Jibu: Marahaba. Marsabit na South Horr litahimili; Loiyangalani sina hakika nalo. Lijaribu Bamburi wakati wa kusi, mchangani, kwa kutumia mifuko iliyofukiwa kama nilivyoeleza. Likisimama usiku mzima, beba pia mirija miwili ya chuma ya kuunganishia ufito uliovunjika, pamoja na utepe wa gundi.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Assalamu alaykum. Maji yakiwa ya kupimwa, udhu utakuwaje? Na kibla tutakijuaje penye uwanda usio na alama?

Jibu: Waalaykumu ssalam. Maji yakiwa yanahitajika kwa kunywa, tayamamu inaruhusiwa, na mchanga safi haukosekani. Marsabit kuna misikiti, kadhalika Kalacha na North Horr, basi mkiwa vijijini waulizeni wenyeji. Kibla kwa upande ule ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo, karibu sawa na hapa kwetu. Kwa kuwa mlango wa hema unatazama kaskazini-magharibi, tandikeni mkeka mbele ya mlango. Hema litawakinga upepo mkisali.

Mwanachama wa Likoni: Sisi ni wanawake wanne, hatuna mwanamume. Twende?

Jibu: Nendeni, dada zangu, lakini kwa aina ya pili pekee, na mpige simu mapema mjue kama choo na bafu vina milango inayofungika. Mavazi yenu ya kawaida ya Mombasa yanafaa kabisa kule, na leso zitawasaidia kujikinga na vumbi. Mwongozaji mtafutiwe na mwenye kambi, msimwokote njiani.

Mwanachama wa Changamwe: Nyoka na nge je?

Jibu: Wapo. Yuko kipiri mdogo wa jangwani, ambaye hujificha chini ya mawe na mchangani, na sumu yake huzuia damu kuganda. Zipu ya hema ifungwe wakati wote, viatu vikung'utwe kila asubuhi, na usiku mtu asitoke bila tochi na viatu vilivyofunika vidole. Mawe ya kukazia hema yageuzwe kwa mguu wenye buti kabla ya kushikwa kwa mkono. Aliyeumwa asikatwe wala asifungwe kamba. Alazwe, atulizwe, na apelekwe hospitali moja kwa moja. Hospitali ya rufaa iko mjini Marsabit, nayo ni sababu nyingine ya kutolala mbali na njia.

Mwanachama wa Mtwapa: Kaka, mimi sina gari. Je, inawezekana?

Jibu: Hadi Marsabit inawezekana bila shida, kwa kuwa mabasi ya Moyale hupita kila siku, na kutoka mjini hadi lango la Ahmed ni karibu. Zaidi ya hapo kuna malori na magari ya abiria ya kwenda North Horr na Loiyangalani, lakini hayana ratiba. Yanaondoka yakijaa, na unaweza kungoja siku mbili. Ukiwa na siku chache, baki Marsabit. Ukiwa na kundi la watu watano au sita, kodini gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye dereva mwenyeji mjini Marsabit, mkubaliane bei ya siku pamoja na mafuta, na muhakikishe lina magurudumu mawili ya akiba kabla ya kulipa arubuni.