Jinsi ya Kupanga Mazoezi ya Judo ya Kila Wiki: Kuanguka, Kubwaga, Kubana Chini na Kujihami

Kundi dogo linalokutana mara moja au mbili kwa wiki linaweza kujifunza judo vizuri kabisa, mradi muda wake mchache ugawanywe kwa akili. Makundi mengi hukosea kwa kukimbilia mitupo ya kuvutia siku ya kwanza. Wiki ya tatu mmoja ameumia bega, wiki ya tano nusu ya watu hawaji tena. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoanzisha au wanaoendesha mazoezi ya namna hiyo, na unachukulia kwamba yupo mwalimu au mchezaji mzoefu wa kusimamia, kwa sababu judo haifundishiki kwa maandishi peke yake.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, katika ukumbi wa mikeka 12 ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, alichukua mbinu za jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, alizojifunza na kuziweka kando zile ambazo haziwezi kufanyiwa mazoezi bila kumjeruhi mwenzako. Kutokana na uamuzi huo, mchezaji wa judo anaweza kila wiki kupambana kwa nguvu halisi na mtu anayekataa kuangushwa, kisha wote wawili wakarudi nyumbani wazima. Mbinu iliyojaribiwa kwa mtu anayekataa ndiyo itakayokuja mwilini siku ya hatari, kuliko mia zilizokaririwa mbele ya mtu aliyesimama kama gogo. Lakini uhuru huo unategemea mambo mawili: kila mmoja ajue kuanguka, na kila mmoja aheshimu ishara ya kusalimu amri.

Tuanze na mahali. Mikeka ya judo huwa na unene wa sentimita 4 au zaidi, na kabla ya kila kipindi ni lazima ibanwe pamoja, kwa kuwa ufa mdogo kati ya mkeka na mkeka hunasa kidole cha mguu na kukivunja. Magodoro ya sponji hayafai kuwa sakafu ya kudumu: mguu huzama wakati mwili unageuka, na goti ndilo linalolipa. Yanafaa kuwekwa juu ya mikeka kwa ajili ya mtu anayebwagwa mara zake za mwanzo. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa kujifunza kuanguka, ila usifanyie hapo mbinu za kugeuka kwa kasi. Saruji isitumike kwa lolote.

Kila mtu akate kucha za mikono na miguu, avue pete, hereni na mikufu, na afue judogi yake (vazi la judo) baada ya kila zoezi. Mapunye na choa huenea haraka sana kati ya watu wanaogusana ngozi kwa ngozi, kwa hiyo mwenye vidonda au upele apumzike mpaka apone, bila kuonewa haya.

Kwa kipindi cha dakika 90, dakika 15 za mwanzo zitoshe kupasha mwili joto, na msisitizo uwe kwenye shingo, mabega, nyonga na vifundo vya miguu. Kisha kuanguka, dakika 15, kila kipindi, kwa wageni na kwa wenye mikanda ya rangi pia. Anza ukiwa umechuchumaa. Bana kidevu kifuani ukitazama fundo la mkanda wako, jiachilie nyuma huku mgongo umepinda, na mgongo unapogusa mkeka piga mikeka kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, mikono ikiwa imetanuka kutoka kwenye kiwiliwili kwa kadiri ya nyuzi 30 hadi 45. Kisogo kisiguse chini kamwe. Ukizoea, fanya hivyo ubavuni kwa mkono mmoja, kisha mbele kwa vigasha viwili, na mwishowe kwa kujibiringisha juu ya bega. Kosa linaloonekana kila mahali ni kunyoosha mkono nyuma ili kuzuia kuanguka. Mkono huo huvunjika kwenye kifundo au kwenye kiwiko. Mwalimu amrudishe mtu chini kwenye kuchuchumaa kila anapoona mkono unatangulia.

Nitasema wazi kwamba, kwa maoni yangu, hili ndilo somo la kujihami lenye faida kuliko yote. Wengi wetu hatutawahi kuvamiwa, ila sote tutateleza siku moja kwenye vigae vyenye maji au tutarushwa kutoka kwenye bodaboda.

Sasa mitupo. Kodokan inatambua majina 68 ya mbinu za kubwaga, na kundi la kila wiki halihitaji zaidi ya mbili au tatu kwa miezi ya mwanzo. Nashauri kuanza na o-goshi, mtupo wa nyonga. Wapo wanaoanza na osoto-gari, ambayo inafanana na ngwala tunayoijua tangu utotoni na kwa hiyo inaonekana rahisi. Hata hivyo osoto-gari humwangusha mtu chali moja kwa moja, na huko Japani imehusishwa na ajali mbaya za kichwa kwa wanafunzi wapya. Ingoje mpaka kuanguka nyuma kuwe tabia. Katika o-goshi, anayebwaga ndiye anayemwongoza mwenzake mpaka chini.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mambo huenda hivi. Mkono wako wa kushoto unashika mkono wa kulia wa koti la mwenzako, karibu na kiwiko, nao unavuta mbele na juu kidogo mpaka uone visigino vyake vinainuka. Bila kuvunja mizani yake hivyo, kila kinachofuata kitakuwa kazi ya misuli tu. Piga hatua kwa mguu wa kulia mbele ya mguu wake wa kulia, pitisha mkono wako wa kulia chini ya kwapa lake la kushoto uzunguke mgongo, kisha geuka ukivuta mguu wa kushoto nyuma, hadi nyayo zako zote mbili ziwe kati ya nyayo zake na mgongo wako ugusane na kifua chake. Magoti yapinde vya kutosha ili nyonga yako iwe chini ya nyonga yake. Sasa kunjua magoti, endelea kuvuta, na geuza kichwa kutazama kushoto. Atazunguka juu ya nyonga yako na kuanguka mbele ya miguu yako. Usiachie mkono wa koti: uvute juu anapofika chini, ili atue ubavuni na kupiga mkeka kwa mkono wake wa kushoto.

Dakika 20 zitumike kuingia na kutoka bila kubwaga, mara kumi kumi kwa zamu, na dakika 15 zinazofuata ziwe za kubwaga kweli, polepole kwanza, kisha mkitembea. Wapangwe kwa uzito na umri unaokaribiana. Mbinu za kubana miguu ya mwenzako kama mkasi, mfano kani-basami, zimepigwa marufuku kwenye mashindano kwa sababu ya kuvunja miguu, na hazina nafasi hapa.

Kwa mapambano ya chini tenga robo saa. Kesa-gatame, mbinu ya kumbana mtu chini, ni mlango mzuri. Mwenzako akiwa chali, kaa ubavuni mwake kulia, mbane mkono wake wa kulia chini ya kwapa lako la kushoto, zungushia shingo yake mkono wako wa kulia, tanua miguu kwa upana, na shusha kichwa. Uzito wako uegemee mbavu zake, na nyonga zako zikae chini mkekani. Kwenye mashindano kumshikilia hivyo kwa sekunde 20 ni ushindi kamili. Kwenye mazoezi, sekunde hizo 20 ndizo muda wa aliye chini kujaribu kutoka kwa nguvu zake zote, kisha mbadilishane.

Kabali na kukunja kiwiko vifundishwe baadaye, na watoto wadogo wasifundishwe kabisa. Kabali ya judo hubana mishipa ya damu pande mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde chache bila kuhisi maumivu makali ya kumwonya. Kwa hiyo, kabla ya kumwonyesha yeyote kabali, kila mmoja aonyeshe jinsi ya kusalimu amri: kumpiga mwenzako au mkeka kwa kiganja mara mbili au zaidi, kwa mguu ikiwa mikono imebanwa, au kwa sauti. Ishara ikitolewa, mikono inaachia papo hapo. Asiyeachia mara moja atolewe mkekani siku hiyo, hata awe hodari kuliko wote.

Dakika kumi za mwisho ni za kujihami. Kodokan iliandaa mwaka 1956 mfululizo wa mbinu 21 uitwao Kodokan Goshin Jutsu, 12 kati yake dhidi ya mtu asiye na silaha na 9 dhidi ya kisu, fimbo na bastola. Shikilieni hizo 12. Anzeni na kujinasua kifundo cha mkono, kwa kukizungusha na kukivuta kupitia upande wa kidole gumba cha anayeshika, kisha kukumbatiwa kwa nyuma: shusha nyonga mara moja, tanua miguu, ndipo utafute mkono wa kuuvuta. Kwa mwenye kisu au panga, mpe simu, mpe pochi, ondoka. Judo imekupa mwili wa kukimbia na mizani ya kutoangushwa, vitumie hivyo. Kwa Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaruhusu mtu kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari, hivyo kumbwaga mtu kwenye lami wakati ungeweza kuondoka kunaweza kukufikisha mahakamani.

Katikati ya wiki, anayetaka kuendelea afunge tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye mti au nguzo, ashike ncha mbili kama ukosi na mkono wa koti, na arudie hatua za kuingia o-goshi bila haraka, akiangalia miguu yake inatua wapi. Anayepigwa kichwa mazoezini aache hapo hapo, hata akisema yuko sawa, asiachwe peke yake usiku huo, na akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma au akionekana kuchanganyikiwa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mkekani asirudi mpaka daktari aruhusu.