Kazi za kila asubuhi bustanini na namna ya kuchuma (hasa kama unamwagilia maji ya kisima)

Wiki iliyopita wifi yangu alinitumia picha sita za mchicha wake. Zote sita kingo za majani zimekauka, kahawia, kama umepitishiwa pasi ya moto. Chini yake kaandika: "Wifi, nimeweka mbolea mara mbili, mbona ndiyo kwanza unazidi kuungua?" Nilicheka, maana ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi miaka michache nyuma. Jumamosi nikapanda daladala hadi kwake Mbezi, tukashinda bustanini mpaka jua likatufukuza. Niliyomwonyesha ndiyo haya, nayaandika ili nisiyarudie kila siku kwenye simu.

Kulima matuta, kuchanganya mboji na kusia mbegu siyaelezi. Kila mtu ana mama au bibi wa kumfundisha hayo. Naanzia pale ambapo bustani imeshaota na imeanza kukudai.

Hatua ya 1: Zunguka mikono mitupu

Saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai. Usishike ndoo wala kisu. Ukishika ndoo utamwagilia, na ukishaanza kumwagilia huoni kitu kingine.

Geuza majani. Vidukari hujazana kwenye ncha changa za kunde, inzi weupe hukaa chini ya jani la nyanya, na utitiri mwekundu hupenda bamia wakati wa kiangazi. Ukikuta mche umelala chini umekatwa usawa wa ardhi, hiyo ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni: fukua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili tatu tu, utamkuta amejikunja kama pete. Mpe kuku.

Kwenye nyanya tafuta mabaka meupe, membamba kama karatasi, ambapo jani limeliwa katikati na ngozi zake mbili zikabaki. Huyo ni kantangaze, kiwavi anayekula ndani ya jani. Asili yake ni Amerika Kusini, na hapa Tanzania aligunduliwa mwaka 2014. Jani lenye dalili likate, litie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kabisa na uache juani siku kadhaa. Usilitupe kwenye shimo la mboji, atatoka humo akiwa nondo.

Hatua ya 2: Chomeka kidole

Mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umeshikamana, leo humwagilii. Kikitoka kikavu, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo nilipopoteza karibu mwaka mzima, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipohamia nyumba hii bomba lilikuwa linatoka kwa mgawo, tukachimba kisima. Maji yalikuwa mengi, meupe, ila ukiyaonja yana ladha ya magadi kwa mbali. Kunywa hatunywi, lakini bustanini nilisema maji ni maji. Mwezi wa pili mchicha ukaanza kukauka kingo. Jirani akasema ni njaa, weka samadi ya kuku. Nikaweka, ukaungua zaidi. Duka la pembejeo wakaniuzia mbolea ya dukani, nikaiweka nayo. Maharage yakafa kabisa. Nikaongeza majivu kwa sababu majivu ndiyo dawa ya kila kitu uswahilini. Karoti hata hazikuota.

Kilichonifungua macho ni mchicha ambao sikuupanda. Ulijiotea chini ya michirizi ya paa, kwenye kifusi, na baada ya mvua za vuli ulinenepa, majani mapana, kijani cha kuvutia. Tuta lililolishwa samadi liko mita tatu kutoka pale, limeungua. Tofauti yao ilikuwa moja: ule wa kifusini ulikuwa unakunywa maji ya mvua.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mizizi huvuta maji kirahisi pale tu udongo unapokuwa na chumvi kidogo kuliko iliyo ndani ya mmea. Chumvi ikizidi udongoni, mmea unabaki na kiu huku umesimama kwenye tope. Ile kidogo inayoingia husafiri na maji hadi ukingoni mwa jani, maji yanapotea hewani, chumvi inabaki pale pale na kuunguza. Ndiyo maana huanza kingoni, na kwenye majani ya zamani. Na mbolea, iwe ya kuku au ya dukani, nayo ni chumvi. Kila nilipolisha nilikuwa naongeza tatizo.

Tahadhari: upungufu wa potasi nao huunguza kingo za majani ya chini. Kwa hiyo usinyooshee kisima kidole kabla hujapima. Kuna njia tatu.

Ya kwanza, weka vijiko kadhaa vya maji ya kisima kwenye kifuniko cheusi cha sufuria, yakaukie juani. Ukiona utando mweupe, usiseme moja kwa moja ni chumvi. Udondoshee ndimu. Ukitoa povu, na ukakataa kuyeyuka kwenye maji, humo kuna chokaa, ambayo kwa mboga siyo adui mkubwa. Usipotoa povu, na ukayeyuka kirahisi kwenye maji, ndiyo mtu wetu. Maji mengine yana vyote viwili, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kukushtua tu.

Ya pili ndiyo ninayoiamini. Chukua maharage ishirini, kumi yaloweke na kuyaotesha kwenye kitambaa chenye maji ya mvua, kumi kwenye kitambaa chenye maji ya kisima. Baada ya siku tano hesabu. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo, yatakwambia ukweli.

Ya tatu ni kifaa cha kupima chumvi kwenye maji, kile kidogo kama kalamu. Ukipata cha kuazima, soma kipimo cha mS/cm (namba ya jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikiongezeka nayo hupanda). Chini ya 0.7 huna shida. Kati ya 0.7 na 3 unaweza kulima kwa akili. Juu ya 3, kisima hicho kifulie nguo.

Kisima cha wifi kilisoma 2.1. Basi tukafanya hivi.

Kwanza, acha kunyunyiza kidogo kidogo. Hili ndilo kosa la wengi, na linaonekana kama utunzaji mzuri: nusu ndoo asubuhi, nusu ndoo jioni. Maji hayo yanalowesha juu tu, yanakauka, na kila siku yanaacha chumvi yake pale pale palipo na mizizi. Tuta la mita moja kwa mbili lipe ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo, kisha usilirudie mpaka kidole kitoke kikavu. Maji ya ziada yanashuka na kuibeba chumvi chini. Kwenye viroba na ndoo za kupandia endelea mpaka uone maji yanatoka kwenye matundu. Kama hayatoki, usiendelee; zibua matundu kwanza, la sivyo unatengeneza bwawa la chumvi. Sahani ya kukingia chini iondoe.

Pili, mwagilia shinani. Maji ya chumvi yakikaukia juu ya jani yanaliunguza kwa nje vilevile. Kwa sababu hii mimi na mpira wa maji hatupatani. Mpira hunyunyizia kila kitu, hujui umetoa lita ngapi, na mtoto akiushika ndiyo basi tena. Ndoo na kopo. Mgongo utauma wiki ya kwanza.

Tatu, tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili konokono wasijifiche pale na shina lisioze. Udongo wetu wa mchanga ukiwa wazi hukauka haraka, na jua linavyouvuta unyevu juu, chumvi nayo inapanda.

Nne, kinga mvua. Paa la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 linatoa kama lita 200, pipa zima. Maji hayo yatunze kwa ajili ya kitalu na mbegu zinazoota, maana mmea ukiwa mchanga ndipo huumizwa zaidi na chumvi. Funika pipa kwa kipande cha chandarua. Hatutaki kufuga mbu.

Tano, kama tuta limeshaharibika, lioshe. Subiri mvua kubwa au tumia maji ya bomba, mimina kwa awamu mpaka yazame, rudia kesho yake. Mbolea nayo itaoshwa, kwa hiyo baadaye ongeza mboji iliyoiva vizuri. Samadi ya kuku mbichi, hapana, na majivu yaache jikoni.

Na uwe mkweli kuhusu unachopanda. Kwa maji ya namna hii spinachi na mchicha vinavumilia. Maharage, karoti na vitunguu nimeviacha, nanunua sokoni bila aibu.

Hatua ya 4: Wadudu na magugu

Magugu ng'oa kwa mkono siku ile uliyomwagilia, yanatoka na mizizi. Vidukari vipe maji ya sabuni jioni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukilenga chini ya majani, kesho yake suuza. Sabuni ya unga usitumie. Ukipulizia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uziheshimu hata kama mgeni yuko mlangoni.

Hatua ya 5: Kuchuma

Watu wanadhani kuchuma ni kujilipa baada ya kazi. Ni kazi yenyewe: ukichuma vibaya leo, wiki ijayo huna kitu.

Chuma kabla jua halijapanda, majani yakiwa bado yamejaa maji. Tumia kisu kikali cha jikoni.

Mchicha usiung'oe. Ukifika wiki ya nne hivi, kata shina ukiacha kama kiganja juu ya ardhi, pabaki majani mawili matatu. Yatachipua matawi pembeni, nawe utarudi baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wifi alikuwa anang'oa na mizizi, anafunga fungu kama la sokoni, halafu analalamika mbegu ni ghali! Ukiona maua, kata ncha mara moja. Ukishaanza kuzaa mbegu kwa kasi, majani yanakuwa madogo na magumu, hapo ung'oe na kupanda mwingine.

Matembele kata ncha, urefu wa shibiri, usivue mti mzima majani. Sukuma wiki chuma majani ya chini, juu yabaki matano au sita. Majani ya maboga chukua ncha changa, na usisahau kumenya nyuzi.

Nyanya mimi nachuma ikianza tu kubadilika rangi kitakoni, naiivishia ndani. Ikikaa mtini mpaka iwe nyekundu yote, ndege na wadudu wanakutangulia. Usiiweke kwenye friji, inapoteza ladha. Nyanya chungu ichume kabla haijaanza kuwa nyekundu.

Bamia ndiyo inayodai kuliko zote. Ua hufunguka asubuhi na kufunga siku ileile, na siku nne hadi sita baadaye bamia iko tayari, urefu wa kidole. Pita kila baada ya siku moja. Ukisafiri wikiendi, Jumatatu utakuta mapembe. Yakate hata kama hayaliki, kwa sababu mti ukiona una mbegu zinazokomaa unapunguza maua. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha.

Mti mmoja tu, ule mzuri kuliko yote, uachie bamia mbili tatu zikaukie mtini kwa mbegu. Funga kitambaa chekundu hapo, na umwonyeshe kila mtu nyumbani. Mimi zangu za mwaka jana ziliishia kwenye mlenda.