Majaribio ya umeme bila betri wala intaneti
Nafundisha fizikia kidato cha pili, na betri za maabara huisha kabla ya mada. Hapo PhET, majaribio ya bure ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, hunifaa sana. Ukiwa na bando, ingia phet.colorado.edu, tafuta “Circuit Construction Kit: DC”, upakue faili. Iweke kwenye flashi. Hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti.

Darasani usianze kueleza. Washa projekta, unganisha balbu mbili mfululizo, uliza: nikiongeza ya tatu, mwanga utakuwaje? Kila mmoja aandike jibu kwanza, ndipo mwanafunzi aje aiunganishe. Watabishana sana. Waache, kisha uziunganishe sambamba walinganishe.

Mke wangu, mwalimu wa darasa la pili, huchapa hadithi za Kiswahili za tovuti ya African Storybook, nazo bure.